Sura ya Tano: Njaa ya Saa Kumi Jioni

"Hii ni wiki ya tatu nahesabu kalori. Asubuhi niko vizuri, mchana niko vizuri. Ikifika saa kumi jioni, muuza sambusa akishapita ofisini, nimekwisha. Nikila mbili nakula sita. Nikishakula sita naona siku imeharibika, basi nasubiri Jumatatu. Sasa nifanyeje?"

Aliyeniuliza hivyo ni dada mmoja karani wa ofisi Ilala. Dereva wa bodaboda aliniuliza jambo hilohilo, ila kwake ilikuwa chipsi mayai saa tatu usiku. Mwalimu mstaafu naye aliniuliza, kwake ni karanga mbele ya taarifa ya habari. Hakuna aliyetaka kujua ugali una kalori ngapi, maana walishajua. Swali lao limebeba mambo mawili: njaa, na Jumatatu. Wengi huogopa njaa. Mimi naona Jumatatu ndiyo inayowarudisha watu nyuma, na huko mbele nitaionyesha kwa hesabu.

Kwa aliyefungulia kitabu hapa: kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Mwili hutumia nguvu kila siku, hata ukilala. Ukila pungufu ya mahitaji yake, pengo hujazwa kutoka kwenye akiba ya mafuta mwilini. Kiasi ulichojipangia kula kwa siku tutakiita bajeti.

Njaa ina saa yake

Ndani ya tumbo hutengenezwa homoni, yaani ujumbe wa kemikali unaosafiri kwenye damu, iitwayo ghrelini. Wanasayansi wa Japani waliigundua mwaka 1999. Kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Ajabu yake ni kwamba haingoji tumbo liwe tupu kabisa. Hupanda karibu na saa uliyozoea kula, na ukikaa bila kula hushuka yenyewe baada ya muda, kama mgeni aliyebisha hodi akakosa mwenyeji.

Aliyefunga Ramadhani analijua hili bila kusoma kitabu. Siku mbili tatu za mwanzo, saa saba mchana tumbo linadai haki yake. Ukifika kumi la pili, saa saba inapita hujaiona, na njaa imehamia kwenye adhana ya magharibi. (Kwa nini wengine hutoka kwenye mfungo wameongezeka kilo ni habari ya kaimati, tambi na mihogo ya nazi.)

Basi yule dada wa Ilala hana tumbo lenye laana. Miaka minne amelilisha sambusa saa kumi, nalo limeshika ratiba. Ratiba inabadilishwa, ila si kwa siku moja. Mpe mwili wiki mbili.

Halafu kuna uchu, ambao watu huuita njaa kwa sababu unauma vilevile. Njaa hukubali chochote. Uchu huchagua. Jiulize: kungekuwa na ugali wa jana na maharage hapa, ningekula? Ukisema ndiyo, una njaa, kula. Ukisema hapana, mimi nataka sambusa tu, tena ya yule mama wa kona, huo ni uchu. Uchu mara nyingi hulegea baada ya dakika kumi na tano au ishirini ukiondoka mahali ulipo. Harufu ndiyo inayoupa nguvu. Kumwambia mtu ajizuie huku amekaa jirani na karai la mafuta ya moto ni kumwonea.

Je, njaa italeta vidonda vya tumbo?

Sijawahi kuzungumzia kupunguza kula mbele ya watu bila mtu mzima mmoja kunyoosha mkono na kuuliza hivi. Wazazi wetu walitulea hivyo: usipokula kwa wakati, asidi itakutoboa.

Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walibaini bakteria wanaoishi kwenye ukuta wa tumbo. Wanaitwa Helicobacter pylori, na kwenye maabara zetu watu humwita mdudu wa H. pylori. Wenzao wengi hawakusadiki, na mwaka 1984 Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao na tumbo lake likapata uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria hao, au na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofen na diclofenac zinazomezwa ovyo.

Kuchelewa mlo kwa saa mbili hakukutoboi tumbo. Lakini mwenye kidonda tayari anaweza kusikia maumivu tumbo likiwa tupu, na huyo asianze kuhesabu chochote kabla ya kupima na kutibiwa. Kama unameza diclofenac kila siku kwa ajili ya mgongo huku unaogopa njaa, umemwogopa asiyehusika.

Bajeti inayomtesa mtu

Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni, mtafiti wa Marekani Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Vijana 36 waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani zao walijitolea kushindishwa na njaa kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwanza walilishwa kalori zipatazo 3,200 kwa siku. Kisha, kwa karibu miezi sita, zikashushwa hadi takribani 1,570, huku wakitakiwa kutembea kilomita kama 35 kwa wiki.

Walipoteza takribani robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza watafiti kilikuwa vichwani. Vijana waliokuja wakizungumza siasa na dini sasa walizungumza chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya. Walilamba sahani. Walitafuna mlo mmoja kwa saa nzima ili usiishe. Wengine walivunja masharti wakala kwa siri, kisha wakajichukia.

Hao walikuwa vijana wenye afya waliochujwa kwa uangalifu. Sasa tutazame daftari nililoletewa na yule dereva wa bodaboda, mwanaume wa miaka 31 anayebeba abiria na mizigo kutwa: amejipangia kalori 1,000. Ameambiwa na rafiki. Kisha saa tatu usiku anavamia chipsi mayai na kujiita mlafi. Ulafi uko wapi hapo? Mwili wake ulikuwa unamwokoa.

Kwa watu wazima wengi, kupunguza kalori 300 hadi 500 chini ya mahitaji ya siku kunatosha. Uzito utashuka polepole na majirani hawataona mapema. Njaa itakuwepo, ila ni ile ya mtu aliyechelewa chakula cha mchana, si ya kuota nyama usiku.

Kuna wasiopaswa kujipangia bajeti wenyewe hata kidogo: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na yeyote aliyewahi kujitapisha au kujinyima hadi akaugua. Hao waanzie kwa daktari au mtaalamu wa lishe.

Kwa ufupi, kabla hatujaingia jikoni:
- Njaa hufuata saa ulizoizoesha, na saa hizo hubadilika kwa wiki, si kwa siku.
- Uchu una jina la chakula kimoja, njaa haina.
- Ukivunja bajeti kila usiku, kagua kwanza bajeti kabla hujakagua tabia yako.

Kinachokaa tumboni

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori zilezile, kisha wakawauliza kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Kilichoshibisha kuliko vyote kilikuwa viazi vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kitafunwa cha Kifaransa kiitwacho croissant, kilichojaa siagi, hakikufika hata nusu ya mkate.

Viazi! Chakula ambacho kila anayetaka kupungua hukikimbia. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 90 hivi. Vikate vipande, vitie kwenye karai, na gramu 100 za chipsi hupita 300. Kiazi ni kilekile. Maji yametoka, mafuta yameingia.

Chakula kinachokaa tumboni kina mambo matatu: maji mengi ndani yake, nyuzinyuzi (ile sehemu ya mmea ambayo tumbo halimeng'enyi), na protini. Maharage, kunde na choroko vina yote matatu. Dagaa, samaki, mayai na maziwa mtindi vina protini ya kutosha. Mchicha, matembele na kisamvu hujaza sahani kwa kalori chache, mradi usivizamishe kwenye mafuta au nazi.

Chukua kifungua kinywa cha kawaida: chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Kwa makadirio hizo ni kalori 450. Ilipofika saa nne asubuhi ulikuwa unatazama saa. Weka badala yake viazi vya kuchemsha gramu 200, mayai mawili ya kuchemsha na chai ya kijiko kimoja. Haifiki 350, na saa sita inakukuta bado unafanya kazi. Sisemi uache maandazi. Nasema ujue unachonunua: maandazi ni starehe, hayakuahidi kukushibisha.

Kwa mama lishe, sentensi moja inatosha: "Mama, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga." Hatakasirika. Wali ndio unaomgharimu.

Mafuta yanayomwagwa kwa jicho

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona madaftari mengi yaliyoandikwa kwa uaminifu na mizani isiyotikisika.

Mwaka 1992 madaktari wa New York walichunguza watu waliodai wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo vya kitaalamu, ilionekana miili yao ilikuwa ikichoma nguvu kama ya watu wengine. Walichokula kilikuwa karibu mara mbili ya walichoandika. Hawakuwa waongo. Hawakuona tu.

Kwetu kisichoonekana mara nyingi ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Mchicha wa gramu 200 hauna hata 50. Sasa tazama mkono wa mpishi ukiinamisha dumu juu ya sufuria: moja, mbili, tatu, na mboga ya kalori 50 imekuwa ya 400, wewe umeandika "mchicha, 50". Nusu kikombe cha tui zito hupita 200. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 170, na hakuna anayekula konzi moja. Soda ya chupa ya mililita 350 ni karibu 150, na dakika kumi baadaye tumbo haliikumbuki.

Basi pima mafuta kwa kijiko. Kama mtakata kitu kimoja tu kwenye sura hii, kateni lile dumu juu ya sufuria. Kwa vyakula vingine, mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Kenya nayo ilitoa ya kwake mwaka 2018. Huna haja ya kukisia kisamvu kwa programu ya simu isiyojua kisamvu ni nini.

Hesabu ya Jumamosi

Sasa tuje kwenye Jumatatu.

Tuseme mahitaji ya mwili wako ni kalori 2,200 kwa siku, na umejipangia 1,800. Kila siku unapunguza 400. Kwa wiki nzima ungepunguza 2,800.

Jumatatu hadi Ijumaa umekwenda sawa: 400 mara tano ni 2,000. Jumamosi kuna harusi. Pilau, kuku, sambusa, keki, soda mbili. Umekula 3,200, yaani 1,000 zaidi ya mahitaji. Umebakiwa na 1,000. Jumapili ukirudi kwenye 1,800 yako kama kawaida, unaongeza 400, na wiki inafungwa ukiwa umepunguza 1,400. Nusu ya ulichopanga. Si haba, kwa wiki yenye harusi.

Sasa fanya wanavyofanya wengi. Jumapili asubuhi unasema, nimeshaharibu, nitaanza kesho Jumatatu, leo niage vizuri. Unakula tena 3,200. Toa 1,000 nyingine. Kimebaki nini? Sifuri. Wiki nzima ya kujinyima imekwenda na maji, na aliyeimwaga si harusi. Ni Jumapili.

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu Marekani maziwa yaliyosagwa na aiskrimu: wengine hawakupewa, wengine glasi moja, wengine mbili. Kisha wakawaambia waonje aiskrimu, wale wanavyotaka. Wasiokuwa na habari ya kujinyima walifanya unavyotegemea: aliyekunywa zaidi alikula aiskrimu kidogo. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume. Waliokwisha kunywa ndio waliokula aiskrimu nyingi zaidi. Mpaka ulikuwa umevukwa, na mtu akivuka mpaka haoni sababu ya kugeuka.

Kwa hiyo ukiteleza:
- Andika ulichokula, kwa makadirio, usiku uleule.
- Mlo unaofuata uwe wa kawaida. Si mdogo wa kujiadhibu, maana hiyo ndiyo mbegu ya njaa ya usiku.
- Usianze upya. Hakuna kilichokwisha.

Mizani ya asubuhi ya pili

Ukipanda mizani siku ya pili baada ya harusi, utaona kilo moja na nusu imeongezeka, na moyo utakata tamaa. Tulia, tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori karibu 7,700. Kuongeza kilo moja na nusu ya mafuta ungelazimika kula zaidi ya 11,500 juu ya mahitaji yako. Sahani ya pilau yenye nyama tukiiwekea 700, ni zaidi ya sahani kumi na sita juu ya chakula chako cha kawaida. Ungekuwa umepelekwa hospitali.

Kilichoongezeka kwa sehemu kubwa ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kiko njiani. Chumvi ya pilau huzuia maji mwilini. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa na maji yake, gramu moja ya wanga na kama gramu tatu za maji. Wanawake wengi huona hivyo pia siku chache kabla ya hedhi. Baada ya siku tatu nne maji hayo hutoka. Pima mara kadhaa kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na ufuate wastani wa wiki.

Shangazi na neno "umekonda"

Vitabu vya Wazungu havina sura hii, nadhani kwa sababu hawana shangazi zetu.

"Mbona umekonda hivyo mwanangu, unaumwa? Au mumeo anakutesa?" Kwetu aliyenenepa amenawiri, aliyepungua ana lake jambo, na miaka ya UKIMWI ilikufanya kupungua kuwa kitu cha kunong'onwa. Ukiongeza na sahani iliyojaa mpaka ukingoni, kukataa kunakuwa tusi.

Usimhubirie shangazi habari za kalori. Pokea sahani kwa mikono miwili, msifu pilau yake, anza na nyama na kachumbari, kula taratibu. Mtu anayeendelea kutafuna haongezewi. Akikuuliza tena, mwambie, "Shangazi, daktari kaniambia nipunguze, presha inanisumbua." Kama daktari hajakwambia, basi mwambie magoti yanauma. Sijui mtu mzima yeyote wa Kiswahili anayebishana na magoti.

Na usingizi, kwa mstari mmoja: ukilala saa nne au tano tu, kesho yake njaa na uchu vitakuzidi nguvu. Zima simu.

Yule dada wa Ilala alipandisha bajeti yake kutoka 1,200 hadi 1,700. Saa tisa na nusu, kabla muuzaji hajapita, hula ndizi moja na yai la kuchemsha alilokuja nalo kwenye kikopo. Wiki ya kwanza alisema haisaidii. Wiki ya tatu alisahau kusema. Sambusa hajaacha: Ijumaa hununua mbili, huziandika 260, na kuzila akiwa amekaa. Mwezi uliopita alikuwa na kitchen party na harusi ya binamu yake wiki moja. Nilipolifungua daftari lake, Jumamosi ilikuwa 3,400, na Jumapili, kwa kalamu ileile, 1,700.